Siku Niliyoing'arisha Filta

Siku yangu ya kwanza kwenye kazi ya samaki nilimkuta mpishi anasaga moyo wa ng'ombe, nikamuuliza ni wa mgeni gani. Akasema ni wa samaki wa mapokezi. Nilidhani ananitania. Mimi ni mtu wa Misungwi, nimezaliwa kwenye nyumba yenye zizi, na kwetu moyo wa ng'ombe mtoto anauonja kwa kubahatisha. Leo naambiwa kuna samaki wanasagiwa wa kwao, na wanakula mara nne kwa siku. Nilisimama pale jikoni mdomo wazi mpaka mpishi akacheka.

Hoteli yenyewe ilikuwa ufukweni hapa Mwanza. Jina silitaji, maana wenyewe wameshabadilika. Nilikuwa mhudumu wa usafi kwa miaka kadhaa, na sakafu zangu zilijulikana. Meneja wa kwanza, mzee mpole wa ukoo wa wafanyabiashara wa siku nyingi mjini, aliponunua tangi la kioo lenye urefu wa kitanda, aliniita ofisini.

"Mama Minza, wewe ndiye msafi kuliko wote hapa. Samaki hawa nakukabidhi."

"Bosi, mimi samaki namjua akiwa kwenye sufuria tu."

"Hawa ukiwapika, na mimi nitakupika wewe."

Walikuwa kumi na wanne. Wanaitwa diskasi, asili yao mito ya joto ya Amerika ya Kusini. Ni mviringo na bapa kama kisahani cha chai, wekundu na wenye michirizi ya buluu. Nilishangaa sana kwamba mtu anaishi kando ya ziwa lote hili, halafu anaagiza samaki kwa ndege na kuwapashia maji moto. Ndiyo, wana hita yao, chuma kirefu kinachozama ndani, na maji hayatakiwi kushuka chini ya nyuzi ishirini na nane. Wafanyakazi wenzangu walisema samaki wale wanaishi vizuri kuliko sisi.

Aliyenifundisha ni fundi aliyelifunga tangi, mtu wa Ukerewe, mkimya kupita kiasi. Ukimuuliza swali anakuonyesha kwa mkono, maneno hatoi. Alinionyesha kwamba maji ya bomba yana klorini, dawa ya kuulia vijidudu, kwa hiyo lazima yakae kwenye pipa siku nzima yatulie na dawa ipungue ndipo yaingie kwa samaki. Alinionyesha kunyonya uchafu wa chini kwa mpira. Alinionyesha kulisha kidogo kidogo, na kuangalia macho ya samaki badala ya kuangalia chakula: akianza kuzubaa, acha, na kilichobaki kitoe. Ukimwonea huruma diskasi ukamjazia, unamuua.

Filta ilikuwa kwenye kabati chini ya tangi. Maji yanashuka, yanapita kwenye sponji nene zinazokamata taka, yanapita kwenye vigae vidogo vyenye matundu, halafu pampu inayarudisha juu. Kila baada ya wiki kadhaa fundi alichota maji ya tangi lenyewe kwenye ndoo, akaikamua sponji moja humo mara mbili tatu, akairudisha ikiwa bado ya kahawia kama chai ya maziwa. Nyingine hakuzigusa. Mimi nilimtazama nikasema moyoni, huyu mwanaume ni mvivu. Mwanamke wa kwetu ukirudisha sufuria kabatini ikiwa hivyo, mawifi watakusema mpaka uzeeni.

Yule mpishi wa siku ya kwanza aliitwa Baba Neema, mpishi msaidizi, kwao ni Busisi, ng'ambo ya maji. Ndiye aliyetengeneza chakula cha samaki: anautoa moyo mafuta yote na mishipa, anausaga na mchicha, anaubandika bapa kwenye mifuko na kuugandisha. Alikuwa anafanya kazi kwa utaratibu ambao hata mimi mwenye mdomo sikupata pa kumkosoa. Tulizoeana. Siku jozi moja ya diskasi ilipototoa, niliona vitoto vimeganda ubavuni mwa mama yao, nikadhani ni ugonjwa. Nilimwita Baba Neema, akaja na mwiko mkononi. Tukaona vitoto vinamdonoa mama ngozi, halafu mama anajipukuta, vinahamia kwa baba. Vilikuwa vinakula utelezi unaotoka kwenye ngozi za wazazi.

"Kumbe na baba ananyonyesha," alisema Baba Neema. Tulisimama pale mpaka mpishi mkuu akaja kumfuata.

Meneja wa pili aliletwa kutoka Dar es Salaam. Mwendo wa haraka, macho makali, na alipenda kufungua makabati. Siku chache kabla ya ugeni mkubwa wa wenye hoteli, alifungua kabati la filta.

"Mama, hii ni nini? Juu kunang'aa, chini jalala?"

"Fundi anasuuza kwa maji ya tangi, bosi. Sponji moja moja."

"Maji machafu yanasafishaje kitu?"

Nitasema ukweli, swali lile hata mimi nilikuwa nalo, na fundi alikuwa ameshapata kazi kwingine. Basi asubuhi iliyofuata nilitoa kila kitu. Sponji zote, vigae vyote. Nikavisugua kwa brashi na sabuni chini ya bomba, nikasuuza mara tano, nikavianika juani nyuma ya chumba cha kufulia mpaka saa saba mchana. Vilitoka vyeupe. Meneja alinisifu mbele ya wafanyakazi wote, na nilirudi nyumbani kichwa juu.

Siku ya pili samaki walikuwa weusi. Diskasi akiumwa au akiogopa rangi yake inakufa, na hawa walijikusanya kona moja, mapezi yamebana, chakula wakakikataa. Siku ya tatu walikuwa juu ya maji wanahema kwa nguvu. Na maji yalikuwa meupe, safi, unaona mpaka mchanga. Hicho ndicho kilichonichanganya. Siku ya nne asubuhi niliwakuta sita wamelala ubavu, na mama mwenye vitoto akiwa mmoja wao. Vitoto vilikuwa bado vinamzunguka. Niliwatoa kwa wavu. Hadi jioni waliokufa walikuwa tisa.

Wageni walikuwa wanafika kesho yake. Meneja aliniita, hakunikaribisha kukaa.

"Umewalisha nini?"

Hapo ndipo pa kunisikiliza vizuri, nyie mnaosoma. Ningeweza kusema sijui. Neno fupi, na lilikuwa la kweli. Lakini niliona kazi yangu inaondoka, na wanangu watatu wako shule, nikakumbuka kwamba juzi yake bucha yetu ya kila siku ilifungwa, Baba Neema akanunua moyo kwenye bucha ya mtaa wa Mabatini.

"Moyo ulitoka bucha nyingine," nilisema. "Ulikuwa na harufu."

Baba Neema aliitwa. Alikuja anafuta mikono kwenye aproni. Meneja akarudia maneno yangu. Yeye hakumjibu meneja, alinigeukia mimi.

"Mama Minza, uliunusa?"

"Ndiyo," nikasema.

Sikuunusa. Mifuko ile ilikuja kwangu imeganda kama jiwe. Baba Neema akavua aproni, akaikunja, akaiweka mezani. Barua aliyopewa jioni ile iliandikwa kwamba amefukuzwa kwa kutumia nyama iliyoharibika. Mpishi mwenye barua hiyo aende wapi? Mwanza ni kubwa, ila majiko yake yanajuana. Nilisikia amezunguka hoteli tano, sita, mwishowe akarudi kwao. Mimi nilijiambia kwamba huenda moyo kweli ulikuwa mbovu. Mtu akitaka kujiaminisha, anajiaminisha.

Wenye hoteli hawakukata tamaa na samaki. Waliagiza wengine, na safari hii wakamleta kwanza mtaalamu wa maji, bwana mmoja mtu mzima mwenye miwani na sanduku la vichupa. Swali lake la kwanza halikuhusu chakula.

"Kabla hawajafa, nani aligusa filta?"

Nikamweleza, tena kwa majivuno, jinsi nilivyoing'arisha. Akavua miwani.

"Mama, ule uchafu wa kahawia ulikuwa hai. Mkojo wa samaki na mabaki ya chakula vinatoa sumu, inaitwa amonia. Haina rangi. Kwenye zile sponji na vile vigae wanaishi vijidudu wanaoila. Wewe uliwapiga sabuni, klorini na jua. Baada ya hapo samaki walikuwa wanaogelea kwenye sumu yao wenyewe."

Nilimuuliza, je, na moyo mbovu?

"Walikula?"

Mfuko wa moyo wa Mabatini niliufungua siku ambayo walikuwa wameshakataa chakula. Hawakula hata punje. Nililiona kwa macho yangu, nililisafisha lile bonge likiwa zima pale chini, na bado nilisimama mbele ya meneja nikasema nilichosema. Nilikwenda chooni nikajifungia. Sikulia. Nilikaa tu, nimeshangaa kwamba mtu huyu ni mimi.

Mngetegemea nitoke chooni niende ofisini. Sikwenda. Meneja wa pili aliondoka, akaja wa tatu, mama mwenye roho nzuri ambaye angenisikiliza, na bado sikusema. Nikahamishiwa hoteli yao nyingine, halafu nikaombwa kuangalia matangi ya ofisi mbili mjini. Watu wakaanza kuniita Mama Diskasi. Nilifundisha wengi: usioshe filta yote kwa mara moja, suuza sponji moja kwa maji ya tangi, anayetaka kuona weupe aangalie mashuka. Waliniuliza nimejuaje mambo haya. Nikasema ni uzoefu. Neno hilo nilivyolisema kwa ulaini, hata leo linanitisha.

Nilistaafu mwaka jana. Waliniaga vizuri, keki, maneno mazuri, meneja wa sasa akasema sijawahi kumharibia mtu kazi. Alisema hivyohivyo, kwa nia njema kabisa, na watu wakapiga makofi. Wiki iliyofuata nilivuka daraja la Busisi, nikauliza njia mara mbili, nikafika kwa Baba Neema.

Nywele zimekuwa nyeupe. Alikuwa uani anamenya mihogo, akainuka.

"Karibu Mama Minza. Za siku nyingi?"

Sikuweza hata kumalizia salamu. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: filta, sabuni, jua, mfuko nilioufungua siku ambayo hawakula, pua yangu ambayo haikunusa kitu. Alinisikiliza kisu kikiwa mkononi, hajabadilika uso.

"Moyo ule niliukata kwa mikono yangu," alisema. "Nilijua ulikuwa mzima. Hujaniambia jipya."

"Ndiyo maana nimekuja, Baba Neema, ni..."

"Ngoja." Akageukia mlango wa nyumba. "Mama Neema, hebu njoo."

Alitoka mama mmoja mnene, taratibu, anafuta mikono kwenye kanga. Nilimwamkia, akanivutia kigoda.

"Mwambie huyu," alisema Baba Neema. "Mimi sina shida ya kuambiwa. Huyu, tangu niliporudi na ile barua, nyama nikiileta hapa anainusa kwanza. Hasemi kitu. Anainusa, halafu anapika."

Yule mama aliinamisha uso. Nikarudia tena, tangu mwanzo, na mara hii ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu kila nilipofika kwenye neno moyo niliona vidole vyake vinakaza kanga. Nilipomaliza, nilingoja anitukane. Nilikuwa tayari, nilikuwa hata nataka.

Hakunitazama kabisa. Alipiga magoti pale kwenye maganda ya mihogo, mbele ya mumewe, akasema, "Nisamehe, baba."

Neno hilo mimi nilikuwa sijalisema bado.