Nani Atakaa na Huyu Msichana?

Jumamosi iliyopita, mimi na majirani zangu wa Nkoroi tulienda Kitengela kutembelea makao ya wasichana waliotoroka ndoa za mapema. Tulibeba unga, mafuta ya kupikia na mikebe ya rangi ya kupaka bweni lao.

Mama mlezi alitushukuru sana, kisha akatuambia kwa upole, "Bweni lilipakwa rangi na wageni wa mwezi jana. Lakini niko na shida ingine. Leo ni siku ya wazazi shuleni, na msichana wetu mmoja hana mtu wa kukaa naye. Mimi siwezi kuwaacha hawa wadogo."

Tukatazamana. Aliyeinuka ni jirani yetu mchuuzi wa mbuzi, mzee asiyependa maneno mengi. Alipangusa vumbi kwenye viatu, akasema, "Twende."

Nami nikamfuata yeye na msichana hadi shuleni. Darasani, mwalimu alimtazama mzee, akauliza, "Na wewe ni nani wake?"

Mzee alikohoa. Msichana akamshika mkono wa koti.

"Ni mgeni wangu," akasema. "Amekuja kusikia vile nimesoma."

Mzee akavuta kiti karibu na meza. Siku hiyo hakuna mzazi aliyeuliza maswali mengi ya hisabati kama yeye, na msichana alicheka hadi akaficha uso.

Sisi wafadhili wadogo hupenda kuuliza tulete nini. Ni nadra tuulize tukae na nani. Mzee naye ameshauliza siku ya wazazi ya muhula ujao ni lini.