Nilimwita Mgeni Mbele ya Mwenyekiti

Mimi ndiye niliyekosea. Naanza na hilo kabla sijaanza kujitetea, maana kujitetea najua sana. Sikuua mtu, sikuchukua mume wa mtu. Nilisema neno moja tu, tena neno la kweli, na ndilo linalonitafuna mpaka leo.

Jina langu silitaji. Mtwara tunajuana, na huku Ufukoni ndiyo usiseme, ukipiga chafya jirani wa nyumba ya tatu anakupa pole.

Naishi na mama yangu kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu baba. Mama ni mtu mzima, miguu inamvimba, safari yake ndefu ni kutoka kitandani hadi barazani. Mchana mimi nipo soko la Chikongola nauza vitenge. Uani kuna chumba tunapangisha, na humo ndimo alimoingia Albertina.

Albertina ni Mmakonde kama sisi, ila wa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Ni fundi cherehani. Alikuja na kibali cha kuishi nchini, halali kabisa, na mashine yake ya kushonea, na mdomo uliojaa Kimakonde kile cha zamani ambacho huku mjini hukisikii tena.

Hapo ndipo maradhi yangu yalipoanzia!

Mama kazaliwa Kitaya, kule mtoni kabisa, na bibi mzaa mama alitoka hukohuko ng'ambo. Kimakonde ndiyo lugha yake ya moyoni. Mimi nilipokuwa shule ya msingi wenzangu walinicheka kwa matamshi ya nyumbani, nikarudi nikamwambia mama asinisemeshe tena Kimakonde. Akawa ananisemesha, namjibu kwa Kiswahili. Mwishowe alichoka. Miaka yote hiyo tumeishi ndani ya Kiswahili chake cha kuokoteza, mtu ni "ntu", mgonjwa ni "ngonjwa", maneno machache machache, na mimi nikidhani mama yangu ni mtu wa kimya.

Kumbe wapi! Mama yangu ni msemaji! Alipompata Albertina, nyumba ilijaa vicheko. Nikirudi sokoni nawakuta barazani wanamenya ming'oko iliyochemshwa, vile viazi vya porini vya kwetu, mama anasimulia mpaka machozi yanamtoka kwa kucheka, mikono inaruka huku na huku. Naingia tu, wote wanahamia kwenye Kiswahili.

"Umerudi, nwanangu? Pole na kazi."

Basi, hadithi imeishia hapo.

Najua walikuwa wananiheshimu, wasinisengenye mbele yangu kwa lugha nisiyoielewa vizuri. Lakini mimi niliona nimefungiwa mlango nyumbani kwetu. Jamani wivu! Nilikuwa nahesabu kila kitu. Ng'oko nono, ile ya katikati ya sufuria ambayo tangu utotoni ni yangu, siku moja nikamwona mama anamwekea Albertina. Ng'oko! Mtu mzima mimi nikaenda chumbani nikalia kwa ajili ya ng'oko.

Kilichonimaliza ni wimbo. Nilipokuwa mdogo nikiugua homa, mama alikuwa ananiimbia wimbo fulani wa Kimakonde. Sikuwahi kuyajua maneno yake, nilijua sauti tu. Jumapili moja nipo jikoni nikamsikia mama anauimba, na Albertina anaitikia. Anaujua wote! Tena akamkumbusha mama kipande alichokuwa amekisahau, mama akapiga makofi kama mtoto.

Wimbo wangu. Wa homa yangu mimi.

Kibali cha Albertina kikakaribia kuisha. Ili aongezewe muda, uhamiaji walitaka barua ya serikali ya mtaa yenye muhuri, kuthibitisha kwamba kweli anakaa Ufukoni, nyumba fulani, kwa fulani. Na mwenyekiti wa mtaa, ambaye ndiyo kwanza amechaguliwa na alikuwa hatujui vizuri, akasema mwenye nyumba aje mwenyewe amthibitishe. Mama miguu ile haiwezi. Akanituma mimi.

"Nenda na nwenzio," akaniambia. "Ukanwambie nwenyekiti huyu ni ntu wetu."

Albertina alivaa vizuri siku ile, kitenge kipya na kilemba. Njia nzima ananishukuru. Dada asante, dada Mungu akubariki. Nilizidi kukasirika, maana mtu unayemwonea wivu akiwa mwema unakosa hata pa kumshika.

Tukaingia ofisini, tukasalimia, tukaketi. Mwenyekiti akaniuliza mimi, kwa upole kabisa:

"Huyu mama ni mkaazi hapo kwenu, au ni mgeni?"

Ndugu zangu, neno la kusema nilikuwa nalo. Mkaazi. Ana kitanda, ana mashine, ana kamba yake ya kuanikia nguo, ana mama yangu. Nilifungua kinywa nikasema:

"Ni mgeni, mwenyekiti."

Akamgeukia Albertina. "Eti mama, wewe ni mgeni?"

Naye akatabasamu! Kiswahili chake ni cha kubahatisha, na kila ofisi aliyopita walimwita mgeni kwa maana ya mtu wa nchi nyingine. Alidhani anaulizwa uraia. Akaitikia kwa nguvu zote, kwa heshima zote:

"Ndiyo, baba. Mimi mgeni. Nimetoka Msumbiji."

Mwenyekiti akaweka kalamu chini. Akatueleza kwamba barua ya makazi ni ya mkaazi, mgeni aliyekuja kusalimia hawezi kuandikiwa, yeye ataulizwa. Hakukosea. Aliuliza watu wawili, wote wakampa jibu lilelile.

Mimi nilijua kilichotokea. Mle ndani mimi peke yangu ndiye niliyejua! Ningesema tu, "Mwenyekiti, hajakuelewa, anakaa kwetu huyu." Nikanyanyuka, nikaaga, nikatoka.

Nje Albertina akaniuliza kwa nini hakupewa. Nikamwambia mwenyekiti mpya ana masharti yake. Akaomba turudi siku nyingine na mama apandishwe bajaji. Nikasema mama asisumbuliwe, mimi nitafuatilia. Sikufuatilia kitu. Kila jioni ananiuliza, kila jioni namwambia kesho.

Kibali kikafika ukingoni. Albertina ni mwoga wa sheria, hakutaka siku yake ipite akiwa huku. Akaamua arudi kwao kwanza. Alipokuwa anamuaga mama waliongea Kimakonde muda mrefu, na safari hii hawakuhamia kwenye Kiswahili nilipoingia. Nilielewa maneno mawili matatu tu. Mama alilia. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nawaza kwamba sasa ng'oko yangu itarudi.

Haikurudi. Barazani pakawa kimya. Mama akawa anakaa anatazama mlango wa kile chumba cha uani. Nikamnunulia ming'oko, akasema ameshiba. Nikajaribu kumsemesha Kimakonde changu kibovu, akanitazama kwa huruma, akanijibu kwa Kiswahili.

Halafu siku moja niko sokoni, mama akamwomba jirani amwitie bajaji. Mama yule asiyefika getini! Akaenda ofisi ya mtaa kumwombea Albertina. Mwenyekiti akashangaa, akamwambia, "Lakini mama, binti yako alisema hapahapa kwamba ni mgeni, na mwenyewe akakubali."

Nilipofika nyumbani alikuwa ananisubiri, na kilemba chake cha kanisani kichwani bado.

"Ulinwambia nini nwenyekiti?"

Nikaanza zile hoja zangu. "Mama, mimi sikusema uongo. Si mgeni kweli? Si katoka Nchumbiji?" Nikalitamka kama anavyolitamka yeye, nikidhani atacheka.

Hakucheka. Hakunigombeza pia. Alivua kilemba, akakikunja, akaingia ndani.

Kesho yake nilikwenda kwa mwenyekiti, nikakiri kila kitu, nikamwomba aandike barua. Akaniuliza, "Sasa hivi anaishi kwenu?" Nikasema hapana, ameondoka. Akasema, "Basi sasa nikiandika anaishi, mimi ndiye nitakayekuwa mwongo." Nikatoka kichwa chini.

Albertina mwenyewe mpaka leo hajui. Alituma salamu kupitia mwanamke mmoja anayevuka mto na biashara, pamoja na kifurushi cha magauni aliyomshonea mama. Na mimi kanitumia salamu zangu peke yangu: "Mwambie dada asante sana kwa kunisindikiza ofisini." Salamu hizo zilinichoma kuliko kama angenitukana.

Anasema anaanza kutafuta kibali upya, kwa njia yake, taratibu. Kama atakubali kurudi kwetu sijui. Nimeapa akirudi nitamweleza kwa kinywa changu, iwe iwavyo.

Wenzangu, kama kuna mtu nyumbani kwenu anayependwa na mnayemwonea wivu, semeni nanyi mpendwe. Gombaneni, lieni, mwambieni mama zenu kwamba mnaumia. Ila msije mkaenda kumfukuza mtu kwa neno la kweli mkajiona mmepona. Na kama mama anakusemesha lugha yake, mjibu kwa hiyohiyo, hata ukikosea. Mimi wivu wangu haukuisha. Namwonea wivu Albertina hata sasa akiwa ng'ambo ya mto, tena zaidi.

Maana tangu siku ile mama amebadilika kwangu. Hanisusi, hapana. Afadhali angenisusa! Ananiheshimu. Nikirudi sokoni ananyanyuka kwa miguu ile mibovu, anafungua kabati, anatoa kikombe cha maua, kile tunachowatolea wakwe. Anapangusa kiti. Ananimiminia chai kwa mikono miwili.

"Karibu, ngeni," ananiambia. "Jisikie uko nyumbani."