Kihisi cha Macho Mawili

Harufu ya pamba mbichi iliyoshinda juani, nzito, yenye mafuta ya mbegu ndani yake, hunifanya niinamishe kichwa hata nikiwa peke yangu. Hunirudisha kidato cha pili, Shule ya Sekondari Nyasubi, mjini Kahama, tulipounda kigari cha roboti cha kupita kwenye ghala la pamba bila kugonga mizigo.

Tulikuwa wawili: mimi, binti wa mjini, na Kabula, mtoto wa wakulima wa pamba kutoka Kishapu. Kigari kikifaulu siku ya wazazi, tungekwenda mashindano Shinyanga. Mwalimu wa fizikia aliweka mezani vihisi viwili vya umbali, tuchague kimoja. Kimoja kilitumia mwanga. Kingine kilikuwa na macho mawili ya duara, kama miwani. Kilituma sauti tusiyoisikia, kikapima muda wa kurudi kwake. Nilikichagua kwa sura tu.

"Hicho pamba hakitaiona," Kabula alisema. "Ghalani kwetu ukiita, sauti hailudi."

"Hailudi!" nilimwiga, na wenzetu darasani wakaangua kicheko. "Dada wa Kishapu, hii ni fizikia, siyo kuita ng'ombe."

Kabula alichukua nyaya akaunganisha kihisi changu. Tulikijaribu ukutani kikasimama kila mara, nami nikatembea kama mhandisi.

Siku ya wazazi, kigari kilisimama mbele ya tofali, kikasimama mbele ya sanduku. Mbele ya lundo la pamba hakikusimama; pamba iliimeza sauti yake, isirudi. Kilizama humo kama panya, mkia wa waya ukibaki nje. Wazazi walicheka mpaka wakafuta machozi.

"Nani kaunganisha hizi nyaya?" mwalimu aliuliza.

"Ni Kabula, mwalimu."

Lilikuwa jibu la kweli, ndiyo maana lilinitoka kirahisi. Kabula alinigeukia, akanitazama kwa utulivu, kimya. Mwalimu akamwondoa kwenye timu, akanipa mimi nafasi ya kukirekebisha kigari.

Nilikwenda Shinyanga na mwenzangu mwingine, kigari kikiwa na kihisi cha mwanga. Nilimwambia mwalimu ni wazo langu. Kikaiona pamba vizuri kabisa.

Kwa miaka mingi nilijiambia Kabula alinyamaza kwa kukosa la kusema. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa ule mtazamo. Alikuwa na la kusema, na alilijua vizuri kuliko sisi sote. Alinyamaza kwa sababu aliamini nitalisema mimi.