Firimbi ya Eliakim na Kiti cha Mayi

Mume wangu Eliakim alikuwa tarishi wa Boma la Bungoma, na kofia yake nyekundu ilikuwa na msumari wake peke yake ukutani. Mtoto akiigusa, ole wake! Ujana wake wote alilisha nguruwe wa mzungu mmoja kule Kitale, akaapa harudi huko hata kwa kamba. "Nekesa," ananiambia, "mimi sasa ni Serikali." Mimi namjibu, "Serikali, kuni zimeisha."

Wakati ule wa kura za kwanza za Waafrika, Festus Wanjala naye akataka kiti cha Baraza la Kutunga Sheria kule Nairobi. Mdomo alikuwa nao, bana! Akianza kusema mchana, ng'ombe wanalala bila kukamwa. DC akachoka. Akampa ruhusa ya mkutano mmoja soko la Kamukuywa, mwisho saa kumi, kisha akamwita Eliakim. "Saa kumi ikifika, panda mezani kwa Festus, piga firimbi, sema mkutano umefungwa. Ukishindwa, niletee kofia yangu."

Usiku huo mume wangu hakula. Nilimcheka, lakini hesabu niliijua. Kofia ikienda, nyumba ya Boma imeenda nayo, na sisi na watoto ni kwa nguruwe.

Sasa sikia ujanja wa Festus, maana habari ya firimbi ilikuwa imemfikia. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawakaribiani wala kusemezana. Akimwona njiani, anaingia hata kwenye miiba, na kumtazama usoni ni aibu ya kufa nayo. Festus ni mtu wa kwetu, anajua. Akatafuta kiti kizuri cha mikono, akakiweka hapo hapo mbele ya meza yake, akamkalisha Mayi, mama yangu mzazi! Mayi akanyoosha shingo, akaona leo ameheshimiwa.

Saa kumi ikafika. Eliakim akatokea na firimbi mdomoni, akamwona Mayi, akageuka mbio mpaka nyuma ya duka la Hashim, kofia ikibaki mkononi. Festus akacheka juu ya meza. "Si mlisema Serikali inakuja? Mbona imejificha na mbuzi?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Akaendelea: ati mashamba ya Kitale yatarudi, ati barabara, ati shule. Mimi hasira ilinipanda mpaka kichwani. Mashamba yarudi, sawa, lakini kwa nini yarudi kwa kumwaibisha mume wangu?

Nikainama, nikapita katikati ya wanawake mpaka kwa Mayi, nikamnong'oneza yote. "Kumbe sikuheshimiwa," akasema. "Kumbe mimi ni miiba ya kuziba njia!"

Akasimama. Akakibeba kile kiti kichwani, akamgeukia Festus. "Wewe mtoto, ng'ombe wangu hawakamwi na maneno. Twendeni, wanawake." Wakaondoka wote, na wanaume wakakumbuka kwamba chakula kinapikwa na hao hao. Festus akabaki na mkono juu, akiwaahidi mbwa wawili daraja.

Mayi alipopita kando ya duka alijua nani yuko nyuma. Hakugeuka. Akasimama mbele ya mbuzi wa Hashim, aliyefungwa hapo pembeni. "Wewe mbuzi, mwambie huyo mtu sasa apige firimbi yake. Watoto wa binti yangu hawatalisha nguruwe."

Nyuma ya ukuta sauti ikatoka, nyembamba kabisa. "Mbuzi, mwambie Mayi asante." Mimi nililia hapo hapo sokoni, sikuona haya.

Ndipo Eliakim akaja, akapanda mezani kando ya Festus, akapuliza firimbi kwa nguvu zake zote, akafunga mkutano wa mbwa wawili.

Festus alishinda kura, nisimnyime haki yake. Siku moja akaja Boma na suti, anataka kumwona DC. Mlangoni yuko nani? Eliakim, na kofia.

"Mheshimiwa, DC yupo," akamwambia. "Lakini una neno na mama mkwe wangu, na mimi siwezi kulipeleka. Mwambie yule."

Mbuzi wa mpishi wa DC alikuwa kwenye nyasi anakula maua. Festus akatazama mlango, akatazama watu waliojaa barazani wakisubiri. Akavua kofia yake.

"Mbuzi," akasema, "mwambie Mayi nimekosa."

Eliakim akafungua mlango. Jioni nilikimbia kwa mama yangu kumpa habari. Alikuwa amekaa uani kwenye kile kiti cha mikono, anachambua mboga. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie mbuzi nimemsamehe," akasema. "Lakini kiti sirudishi."