Mfuko wa Sebuleni

Niliondoka Morogoro Mjini Jumanne asubuhi kwa sababu ofisini walitaka picha. Miezi minne nyuma, baada ya mavuno, tulimpelekea Mama Koleta, mkulima wa milimani juu ya Mlali, mifuko miwili ya kuhifadhia mahindi, isiyopitisha hewa. Ukiufunga mfuko vizuri na kuuacha, wadudu waliomo hufa kwa kukosa pumzi, wala huhitaji dawa. Picha ya punje safi ingeipendezesha sana ripoti yetu.

Saa tatu nilikuwa Mlali. Bodaboda alinipandisha mpaka pale barabara ilipokata tamaa. "Kuanzia hapa, mtaalamu, ni miguu yako," akasema, akageuza. Nikapanda kati ya mashamba ya kabeji, huku akina mama wenye vikapu kichwani wakinipita kana kwamba mimi ndiye niliyebeba mzigo.

Saa sita kasoro nikabisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita, uone mfuko wako."

Ulikuwa sebuleni, chini ya picha ya Bikira Maria, umefunikwa kitambaa cha kufuma. Akaufungua kabla sijaomba. Unga ukatimka, na dumuzi walikuwa wanatembeatembea juu ya punje zilizotobolewa.

"Mama, ulikuwa unaufungua?"

"Kwa wageni tu. Mwenyekiti alitaka kuona. Bwana shamba naye. Ninyi wa mradi mmekuja mara tatu, na kamera zenu. Mtu amepanda mlima wote huu, nimwambie aangalie mfuko kwa nje?"

Niliona aibu, maana mara moja kati ya hizo tatu nilikuwa mimi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Hapa tulikuja wageni, na waliopona ni dumuzi.

Mfuko wa pili ulikuwa chumbani, nyuma ya kitanda, na hakuna mgeni aliyewahi kuonyeshwa. Hicho ndicho chakula kilichobaki, chake na wajukuu wake watatu, mpaka mahindi ya vuli yakomae Februari. Nami, bila haya, nikatoa simu.

"Tufungue kidogo tu, mama. Picha moja."

Akaweka kiganja juu ya fundo. "Wewe ndiye uliyenifundisha usifunguliwe. Njoo."

Akanirudisha sebuleni, akafunga ule mfuko mbovu na kuniambia nitege sikio. Ndani kulikuwa na sauti ya kutafuna, ndogo lakini haikomi. Kisha chumbani, nikainama tena, shavu likagusa nailoni.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Basi andika hivyo."

Saa kumi na moja nilikuwa mjini, na maparachichi yake mawili kwenye begi. Nimejifunza kwamba somo letu lilikuwa zuri, ila sisi walimu ndio tuliokuwa wa kwanza kulivunja. Kwenye fomu, penye njia ya uchunguzi, niliandika: sikio. Mkubwa wangu aliisoma mara mbili, akasema basi Ijumaa ataenda mwenyewe akaone.

Nikamwomba asiende.