Nilibishana na kundi zima kuhusu ukurasa wa mama anayefagia

Wakuu, heshima kwenu, mlioamka na mnaosoma mkiwa bado ndani ya blanketi.

Kisa hiki ni cha kweli, kimenitokea mwenyewe hapa Lubumbashi, na mhusika mkuu ameniruhusu kukileta humu. Masharti yake: nisimtaje jina, na nisimfanye aonekane mzee kuliko alivyo. La pili nitajitahidi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina kiduka cha fotokopi na madaftari, commune ya Kenya (ni mtaa wa hapa mjini, si ile nchi). Asili yetu ni Maniema lakini tumezaliwa hapa hapa. Wahusika nitawaacha waongee Kiswahili cha kwetu. Ndugu zangu wa Dar mtaelewa tu, msijifanye.

Basi, tuna kundi la kusoma vitabu. Tunakutana Jumamosi mchana kwa Maman Feza, mkunga mstaafu mwenye uwanja mkubwa na viti vya plastiki vya kutosha; kuongoza mazungumzo ni kazi yangu. Tumeamua kusoma zile riwaya za zamani za nchi mbaya za kufikirika, unajua zile, serikali inakupangia mpaka saa ya kupiga chafya. Wengi wetu tulisomeshwa hizo shuleni, na kila mtu mjini hapa ukimuuliza anasema alizisoma.

Maman Feza akaleta utaratibu wake. Kabla ya kufungua kitabu, kila mtu anakisimulia kutoka kichwani. Simu zinawekwa kwenye kikapu. Halafu ndiyo tunafungua tuone nani alisoma na nani alisikia. Atakayekosea sana anapikia kundi zima wiki inayofuata.

Wakuu, jaribuni siku moja. Ni aibu tupu.

Kitabu cha kwanza kilikuwa kile cha mji wenye ukuta na king'ora. Jina siliweki, maana nikiliweka komenti zote zitakuwa za watu wanaoomba PDF. Kwa kifupi: mji mzima unaamka, unakula na unalala kwa king'ora. Nyumba zote ni za Mji. Kuna bwana mmoja kazi yake ni kukipiga hicho king'ora, na siku moja anaamua kutokipiga. Mwisho wake unauma: asubuhi ile king'ora kiko kimya, na watu wanaamka kwa saa ile ile, wanapanga foleni, wanaenda kazini. Walishazoea.

Sasa sikilizeni watu walivyokikumbuka.

Jamaa mmoja alikumbuka kwamba wananchi waliasi na kuvunja ukuta. Hakuna ukuta uliovunjwa. Mwingine alikumbuka paka tu. Paka yumo kweli, anapita mara moja, hana hata neno. Yav, mwalimu wa kemia, mdomo kama cherehani, alisimulia vizuri mpaka katikati, halafu akaingia kwenye riwaya nyingine kabisa bila kupiga hodi. Maman Feza mwenyewe alikumbuka viboko vya mwalimu wa Kifaransa, kitabu hapana.

Ikafika zamu yangu. Mimi nilikaa sawa, nikakohoa kidogo. Kitabu hiki nilikisoma sekondari, na kabla ya hapo baba yangu alikuwa akitusimulia jioni umeme ukikatika, sura kwa sura, tumekaa mkekani. Nilikuwa nakijua kama njia ya sokoni.

Nikawapa yote. King'ora, kadi za chakula, wakaguzi wanaoingia nyumba kwa nyumba kuangalia usafi. Halafu nikawapa ukurasa ninaoupenda kuliko yote, ule wa mama anayefagia.

Uko hivi. Mfanyakazi mmoja anakufa. Kwa kuwa nyumba ni ya kazi, na kazi imekwisha, mjane anaambiwa atoke na watoto wake. Asubuhi anakuja mtu wa funguo, anasimama mlangoni. Vyombo viko nje tayari. Yule mama anamwambia mtu wa funguo angoje kidogo. Anachukua fagio, anaingia ndani, anafagia nyumba yote, chumba kwa chumba, mpaka kizingiti. Mtoto wake wa kiume amesimama nje ameshika mfuniko wa sufuria, anamuuliza, kwa nini unafagia nyumba wanayotufukuza? Mama anajibu, wasije wakasema tuliwaachia uchafu. Halafu wanapanda treni mpaka mji wa mwisho, mpakani, kwa mjomba, na yule mama anaanza kuuza maandazi stesheni.

Maman Feza alifuta macho kwa kitenge.

Tukafungua kitabu. Nakala zote nilizitoa fotokopi mimi mwenyewe dukani, kurasa zote kwa mikono yangu. (Msiniripoti.) Tukatafuta. Wapi. Tukarudi mwanzo. Wapi.

Nikasema mashine yangu imemeza kurasa. Fikirieni, nimeitukana mashine yangu mwenyewe, inayonilisha, mbele za watu.

Yav akatoa simu kikapuni, akafungua kitabu chote humo, akatafuta kwa maneno. Fagio: hakuna. Mjane: hakuna. Treni: hakuna.

"Yaya, ile treni ilipita wapi?" akaniuliza (yaya kwetu ni dada mkubwa, si mlezi wa watoto). "Muji iko na ukuta kila kipande. Ilipita chini ya udongo?"

Watu walicheka mpaka kiti kimoja kikavunjika mguu. Mimi nikapandwa na hasira. Nikasema hiyo ni edisheni iliyokatwa, baba yangu alisoma ile kamili, na nitawaletea ushahidi Jumamosi. Nikaongeza kwamba ukurasa usipokuwepo, sitaongoza tena mazungumzo ya kundi. Ulimi hauna mfupa, wakuu.

Basi nikaenda mtaa wa Naviundu, kwa mzee mwenyewe.

Baba yangu alifanya kazi ya reli maisha yake yote. Ni mtoto wa camp, yaani alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi, na hilo analisema kwa kifua mbele. Ukimpa nafasi atakueleza maziwa waliyogawiwa, mpira waliocheza, tarumbeta za Jumapili. Sisi watoto tulikuwa tunamtania kwamba alizaliwa peponi akafukuzwa kwa utukutu.

Nilimkuta anarekebisha redio. Nikamweleza kisa chote huku nacheka, Yav na treni yake, kiti na mguu wake. Nikamuuliza ukurasa wa mama anayefagia uko sura ya ngapi.

Hakucheka. Aliendelea kufunga skrubu ile ile ambayo ilishafungwa.

"Haiko mu kitabu," akasema.

Nikadhani hajanisikia. "Papa, ile mama mwenye kufagia. Wewe njo ulitusimuliaka."

"Ninajua. Haiko mu kitabu. Ile ni mama yangu."

Wakuu, nilikaa chini kwenye ndoo.

Akanieleza, polepole. Babu yangu alikufa wakati baba bado ni mtoto mdogo, hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba baada ya matanga kampuni ya mgodi ilitaka irudishiwe nyumba yake. Bibi akafagia. Bibi akawapakia watoto kwenye treni mpaka Sakania, kule mpakani, kwa kaka yake aliyekuwa na biashara ndogo. Mfuniko wa sufuria alioushika yule mtoto ulikuwa wa kwao. Mzee anasema ulikuwa umepinda upande mmoja.

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia.

"Bantu bote ba camp banasemaka maziwa na mupira. Mi pia nilisema maziwa na mupira. Ile ingine nilikuwa nasikia haya." Akaiweka redio chini. "Kisha nikasoma ile kitabu. Niliona kule beko na nyumba ya kazi, beko na king'ora, sawa na shee ba camp. Nikaona mama yangu anaweza kuingia mule, hatamusumbua muntu."

Nilitaka kulia na nilitaka kucheka, na sijui nilifanya lipi.

Akaniomba nisiseme kwa wenzangu. Nikaahidi. Alipojua kwamba nitapika chakula cha adhabu na watanicheka, aliniuliza tunakutana wapi na saa ngapi. Nilimjibu bila kufikiri, kama unavyomjibu mzazi anayeuliza tu.

Njiani kurudi nilijiuliza sana. Kujitetea kwangu kulikuwa rahisi: sentensi moja tu na Yav angenyamaza mwezi mzima. Lakini sentensi yenyewe ilikuwa ya mzee, na alishaiweka mahali pake miaka yote hiyo. Nikaamua nitacheza mjinga.

Jumamosi nikafika na bukari, ndiyo ugali wenu, na sombe, yaani kisamvu, na samaki. Nikasema mbele ya wote kwamba nilikosea, ukurasa haupo, na kiti cha kuongoza nakirudisha. Nilidhani yataishia hapo.

Yav hakuwa na ubaya, ila hajui kushuka mlima. "Mi ninajua yaya alitunga," akasema. "Alitaka tumuone mwenye akili. Hata Maman Feza alimutoa machozi ya bure."

Hilo la machozi ya bure liliniingia. Niliangalia sahani yangu. Maman Feza akasema, "Yav, wacha, kula." Lakini na yeye niliona ananitazama kidogo kwa shaka, na hiyo iliniuma kuliko maneno ya Yav. Nilikuwa na jibu mdomoni kabisa. Nikalimeza pamoja na sombe.

Pikipiki ikasimama langoni. Akashuka mzee wangu, kanzu, kofia, viatu vya kwenda harusini.

"Salam alekum. Mi ni papa ya huyu," akasema. "Nilisikia muko na mchezo ya kukumbuka. Muzee anaweza kucheza?"

Wakampa kiti, chenye miguu yote minne. Simu yake akaitia kikapuni kama sheria inavyotaka.

Akasimulia. Mfanyakazi amekufa, mtu wa funguo yuko mlangoni, mama anafagia. Maneno yale yale niliyoyasikia mkekani nikiwa mdogo, pumzi zile zile. Ila siku zote yule mtoto mwenye mfuniko hakuwa na jina, alikuwa "ule mutoto" tu. Safari hii mzee alipofika pale akalitaja jina. Lilikuwa lake, lile la nyumbani ambalo hata mimi nililisikia mara chache, kwa shangazi zangu.

Hakuna aliyeuliza treni ilipita wapi.

Baadaye Yav, sauti ya chini, nilikuwa sijawahi kumsikia nayo, akauliza, "Papa, mukiwa mu treni, mama alisema nini?"

Mzee alifikiri. "Ile sikumbuke. Hata sura yake inaanza kunipotea. Kufagia tu njo inabakia." Akageuza kofia yake mkononi. "Njo maana nilitia mu kitabu. Mi nitasahau, lakini kitabu bantu banasomaka tena na tena."

Yav akamwomba msamaha kwa kuniita mtunzi.

"Muombe yeye," mzee akasema. "Mi nilikuja kula."

Akala kweli. Sombe aliisifu, samaki akasema ana chumvi.

Nilipomsindikiza nje nilimuuliza kwa nini amekuja, na yeye ndiye aliyetaka iwe siri. Akasema alilala vibaya. Mama yake alifagia ili watu wasije wakamsema vibaya, na sasa watu wanamsema vibaya mtoto wa mtoto wake kwa sababu ya fagio lile lile. Akaona haifai. Nilimkumbatia barabarani mbele ya waendesha pikipiki wote, naye akalalamika kwamba nakunja kanzu.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Riwaya hizi tunazikumbuka ovyo. Mwisho tunaubadilisha, shujaa tunamfufua, paka tunampa ukuu asiostahili. Zamani ningesema ni uvivu wa kusoma, na kwa Yav bado nasema. Lakini pale mtu anapokumbuka kitu ambacho hakimo kabisa, na anakikumbuka vizuri mno, siku hizi sicheki haraka. Wengi wetu nchi mbaya hatukuikuta kitabuni kwanza.

Haya, uwanja ni wenu. Kuna kitabu unachokikumbuka na ukikifungua huoni ulichokumbuka? Nani alikusimulia?

Kama bado yuko hai, mpigie kwanza. Komenti zinaweza kungoja.