Noti na Vidole vya Mafuta

Msusi wa pale kona hukusanya noti za nchi za mbali, tena zile zisizonunua hata kibiriti. Huzilaza kwenye albamu bila kuzikunja, na mwenye mafuta vidoleni hazigusi, hata awe mumewe. Jana mteja, kichwa kimesukwa nusu, alichomoa mkobani noti ya zambarau yenye ndege wa kishungi, afungie chingamu aliyokuwa akitafuna.

“Wee! Usithubutu!” Vidole vya msusi, viking'aa mafuta, vikaganda hewani.

“Hii? Aliniachia shemeji yangu baharia. Chukua tu, dada.”

Msusi akakimbilia bombani, akanawa, akajinusa vidole, akanawa tena. Akaipokea kama kichanga.

“Na nywele zangu je?”

“Tulia, mama, nywele hazina pa kwenda. Hebu mwone ndege huyu anavyonitazama!”